Mkwe si Mkalimani

Mama yangu amelelewa kwa Kiduruma, hana lugha nyingine. Daktari Beryl, mtu wa bara, hakijui hata kwa salamu. Basi zahanati ile ya Diani ikaamua kwamba mume wangu Garama, aliyewahi kufanya kazi hotelini, ndiye atakayetafsiri. Mimi, mtoto wa kumzaa, nikaambiwa nikae kwenye benchi. Mgonjwa huingia na mtu mmoja tu.

Nilimweleza daktari mlangoni kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawakai hata mkeka mmoja, sembuse kuzungumza mambo ya mwilini.

"Mama, hapa ni hospitali, si matanga," akasema, akafunga mlango.

Wakatoka na dawa za vidonda vya tumbo. Waliporudi, wakapewa zile zile. Mama akazidi kukonda. Juzi nikachukua leso yake niifue, nikaona damu. Mwanamke aliyekoma hedhi mimi bado msichana! Nilipandwa na hasira.

Leo sikuomba ruhusa ya mtu. Niliingia nao, nikamshika Garama mkono, nikamtoa nje. Hapo ndipo mama alipofungua kinywa. Akasema yote, nami nikayatafsiri yote.

Beryl akaufungua mlango kwa kishindo. "Wewe! Nilikuuliza kama anatoka damu. Si uliniambia hapana?"

Garama akainamisha kichwa. "Sikumwuliza hilo, daktari. Nilimwuliza kama amekula."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

"Yaani wewe ni mjinga kiasi hicho?"

Nami nilitaka kumrarua Garama kwa kucha zangu. Lakini mama, aliyekuwa hajui neno hata moja lililosemwa, aliijua sauti ya matusi. Akajiinua kitandani.

"Mwambie asimtukane mkwe wangu. Huyo amenistahi. Aliyenivunjia heshima ni yeye aliyemtia humu."

Nikayafikisha kama yalivyo, sikuyapaka asali.

Beryl akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa ya Msambweni, akanipa bila kunitazama.

"Hii kitu imekaa sana," akasema. "Mngekuja mapema."

"Tulikuja," nikamwambia. "Ukanifungia mlango."