Picha ya Ray Hrabovsky

Jumamosi ya kwanza ya kila Agosti, watu kama kumi na watano walikutana mchana katika baa ya Gus Dembinski mjini Carrow, Ohio, kumkumbuka Ray Hrabovsky na kumtukana Vernon Tackett. Hrabovsky alikuwa mrushaji wa Wahunzi, timu ya besiboli ya mji huo. Alikuwa mwembamba kama ufito, akirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wake ulimpita mpigaji kabla hajamaliza kumeza mate. Akiwa na miaka ishirini na miwili, wiki moja kabla ya kupandishwa ligi kuu, kano ya kiwiko ilimkatika katikati ya mchezo. Hakurusha tena. Kocha alikuwa Tackett, na ndiye aliyemwacha uwanjani mpaka mkono ukaharibika. Hivyo ndivyo walivyosimulia kwa miaka kumi na tisa.

Lorna Pruitt hakukosa hata mwaka mmoja. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mjane mwenye ulimi mkali, na mchezo ule aliuandika wote kwa penseli katika daftari lake, mpira kwa mpira. Kila Gus aliposimulia na kufika kwenye mchezo huo, alimgeukia kuuliza Ray alirusha mipira mingapi. Lorna alijibu mia moja arobaini na sita, mingi kuliko mkono wa kijana unavyoweza kuhimili, na hapo meza nzima ilimlaani Tackett.

Mwaka huo soseji zilikuwa hazijatoka jikoni mlango ulipofunguliwa, akaingia Tackett mwenyewe, fimbo mkononi. Hakuna aliyemsogezea kiti.

"Umepotea njia, mzee," Gus alisema.

"Sijapotea. Ray kanituma. Anataka picha yake."

Picha ilikuwa ukutani, juu ya chupa: Hrabovsky kanyanyua mguu, mkono wa kushoto uko nyuma tayari kurusha. Tackett akaeleza bila haraka. Ray alikuwa akiendesha lori la maziwa karibu na Toledo. Mwezi Juni binti yake alipita Carrow na wenzake wa kazini, wakaingia hapo kula. Gus, bila kumjua, aliwaonyesha ile picha na kuwaambia huyo ni maiti inayotembea, mtu aliyekwisha kabla hajaanza. Msichana aliacha chakula akaondoka. Tangu alipomsimulia baba yake, Ray hakutaka tena sura yake ikae kwenye ukuta ule.

Gus alibadilika rangi. Akasema fremu aliinunua yeye, na aliyemvunja kijana mkono hana haki ya kuja kumwamrisha mtu kwake. Wengine wakadakia. Mmoja alimshauri Tackett aondoke angali anaweza kutembea na fimbo yake, mwingine akamwaga bia sakafuni karibu na viatu vyake. Lorna naye hakunyamaza.

"Wewe ndiye uliyemmaliza," alisema. "Mipira mia moja arobaini na sita. Nimeiandika."

Tackett akamtazama. "Na katika duru ya saba ya mchezo uliandika nini? Nilitoka kwenda kumpumzisha. Nikafika nusu ya njia, uwanja mzima ukaanza kunizomea na kunirushia vikombe. Cha kwanza kilinipata shingoni, na aliyekirusha nilimwona. Ray akaniambia, 'Kocha, niache, watu wananitaka.' Nikaogopa, nikarudi. Kosa langu nalijua. Ninyi la kwenu mnalinywea bia."

"Mwongo," Gus alisema, na wote wakamgeukia Lorna amkanushe.

Miaka yote hiyo Lorna alikuwa akijua, ila alizoea kulipita jambo hilo kama mtu apitavyo nyumba ya anayemdai. Siku ile soda ya machungwa ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko alipokirusha.

"Si mwongo," alisema. "Kikombe kilikuwa changu. Na wewe, Gus, ulinipigia makofi."

Gus alimwambia afunge mdomo. Lorna akauliza ni nani pale aliyewahi kumpigia Ray simu, hata mara moja. Akavuta kiti, akapanda, akaiteremsha picha. Gus alimkamata mkono wa blauzi.

"Ikitoka mlango huo, na wewe usirudi."

"Niachie nguo yangu," Lorna alisema, na Gus akamwachia.

Nje, kwenye maegesho, Tackett aliilaza picha kwenye kiti cha nyuma. Lorna akamwomba amfikishie Ray salamu na kumwambia anasikitika.

"Sikubebei," Tackett alisema. "Una mikono, mwandikie." Akaondoa gari bila kumuaga.

Jumatano iliyofuata, Wahunzi walipocheza uwanjani, Gus na wenzake walimwona Lorna anakuja, wakachukua vikombe vyao na kuhamia upande wa pili. Aliangalia mchezo mzima peke yake kwenye benchi tupu, na mmoja wao alipompita kwenda chooni alimwita msaliti, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwamkia.

Barua ya Ray alikuwa ameshaiandika na kuituma, kurasa tatu, habari ya kikombe ikiwemo. Jibu lilikuja mwishoni mwa Septemba kwenye kadi ya posta, kwa mwandiko uliolalia kushoto: "Picha imefika. Usiniandikie tena."

Lorna aliisoma akiwa amesimama penye sanduku la barua, akaingia ndani. Hakumwandikia tena.