Namba Alizozirekebisha Fundi

Fundi cherehani hamwamini mtu na kiuno chake. Mteja akisema thelathini, yeye anaandika thelathini na mbili, na nguo inamkaa sawasawa. Fundi wetu alijipatia sifa kwa ujanja huo, na kwa ujanja huohuo akaiharibu karatasi ya mdogo wake.

Mdogo wake huyo wa kike, mshona kola kwenye karakana yake, kwa miaka minne alikuwa akilalamikia shingo na mgongo wa juu. Jibu la fundi lilikuwa lilelile: "Wewe shona, itapoa."

Haikupoa. Mwishowe fundi akamsindikiza hospitali, na daktari akamchoma sindano mbili nyembamba za ganzi kando ya vifundo vya shingo, mashine ya picha ikimwonyesha njia. Yalikuwa majaribio. Ganzi ikiyatuliza maumivu, watakuwa wamejua yanakotoka, na baadaye wataichoma mishipa ya fahamu ya hapo kwa sindano ya joto, bila kupasua. Isipoyatuliza, basi tena.

Nesi alikuwa amemkabidhi fundi karatasi mapema. "Akishachomwa, dada atashona kama kawaida. Kila nusu saa muulize maumivu ni ngapi kwa kumi. Andika anachosema yeye."

Kabla ya sindano dada alisema nane. Fundi akaandika sita, maana anamjua: tangu utotoni akidonolewa na kuku, mtaa mzima unakosa usingizi. Walipofika karakanani dada akainamia cherehani, akashona kola kumi, kisha akageuza shingo huku na huku akicheka peke yake. "Moja, kaka." Hapo fundi akaona dada ametia chumvi kupita kiasi. Akaandika tano, na kila nusu saa tano.

Wiki iliyofuata daktari aliisoma karatasi, akatikisa kichwa. "Sita mpaka tano. Maumivu hayatoki hapo. Sindano ya joto haitakusaidia, dada. Pole."

Fundi alingoja mdogo wake abishe. Hakubisha. Alichukua mkoba wake, akasema polepole, "Labda nilijidanganya."

Fundi alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na mdogo wake angerudi kwenye kola zake akiamini kwamba hata mwili wake ni mwongo.

"Daktari, hizo namba ni zangu," alisema. "Yeye alisema nane, akashuka mpaka moja. Mimi nilizirekebisha."

Daktari aliiweka karatasi kando. "Basi tunaanza upya. Sindano zilezile, atachomwa tena."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Dada hakukasirika, na hilo lilimuuma fundi zaidi. Alimgeukia mwili mzima, kwa kuwa shingo ilikuwa imekaza tena.

"Miaka minne nakwambia inauma, kaka. Ulikuwa unaandika ngapi?"

Fundi akajibu, "Sifuri."

Nesi alileta karatasi mpya, akamnyooshea fundi kama mara ya kwanza. Dada akaipokea yeye, akaomba na kalamu.