Kamba Bila Chumvi

Figo za fundi wa kuchomelea vyuma zilipoanza kuchoka, nyumba nzima ilichoka nazo. Mkewe, mshona nguo, aliifungia chumvi kabatini akawa anapika sufuria moja tu: wali, kabichi, kipande kidogo cha kuku. "Tutakula sawa," alisema walipotoka hospitali. Kusema ni rahisi. Mwaka ulipopita, wote wawili walikuwa wanameza chakula kama dawa.

Mchana mmoja umeme ulikatika karakanani, fundi akarudi mapema. Alipofungua mlango, harufu ndiyo iliyompokea: kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu. Mkewe alikuwa amesimama jikoni, sahani mkononi, vidole vinang'aa mafuta.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

Mkewe aliweka sahani chini, machozi yakamtoka. "Bora ungenifumania na mwanaume, baba watoto."

Fundi alicheka bila kutaka, akavuta kiti, akaketi kwa uzito.

"Unakula umesimama?"

"Nikikaa naona kama nakusaliti."

Hilo ndilo lililomchoma. Kamba hawakumchoma hata kidogo.

Siku ya kliniki alimuuliza mtaalamu wa lishe, "Hivi kamba naruhusiwa, dada?"

"Kwani nani alikukataza?"

Mume na mke wakatazamana.

"Si wewe uliyesema vya baharini ni sumu?" mke alinong'ona.

"Mimi? Nilidhani wewe ndiye uliyeambiwa!"

Mtaalamu alitabasamu kidogo. "Kwa vipimo vyako vya leo, unaweza kula wachache. Siku ya kamba, kuku hakuna. Nunua wabichi; wale wa pakiti wengi hutiwa chumvi na dawa za kuhifadhia. Tia ndimu na saumu. Chumvi, hapana."

Njiani walipitia sokoni kununua kamba wabichi. Mwaka mzima wa hamu, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza.

Jioni kamba waliletwa mezani, wamepangwa pembeni ya wali. Fundi alimenya mmoja, akatafuna polepole. Walikuwa kamba kweli, ila kamba wa mgonjwa.

"Vipi?"

"Ndimu imesaidia."

Mkewe alionja wa kwake, akakamulia ndimu zaidi. Fundi alimtazama mifupa ya mabega iliyochomoza chini ya gauni alilolishona mwenyewe, ambalo sasa lilimpwaya.

"Kuanzia kesho pika sufuria mbili," alisema. "Yako tia chumvi."

"Nile vinono mbele yako? Nina roho gani?"

"Figo mbovu ni zangu, mama. Ukianguka na wewe, nani atamshika mwenzake mkono?"

Mkewe alibisha siku mbili. Ya tatu, sufuria ya pili ikapanda jikoni. Fundi alisema harufu haimsumbui. Haikuwa kweli, na mkewe alijua, lakini alikula. Mashavu yake yakaanza kurudi taratibu. Mezani walizungumza habari za wateja na bei ya vyuma, kisha wakalala mapema, wamechoka kama watu wengine.