Radi Wamevuka Mpaka

Wembe hakuwa na ugomvi na mtu yeyote mjini isipokuwa mdogo wake wa tumbo moja, Cheche, na hata ugomvi huo ulikuwa na likizo zake. Tangu Wembe alipoiuza nyumba ya marehemu baba yao bila kumshirikisha mdogo wake, hawakutembeleana tena. Msibani walikaa pande tofauti. Wake zao walijaribu kuwapatanisha wee, mwisho wakanyoosha mikono.

Kilichobaki ni mpira. Wembe, kinyozi, alikuwa shabiki wa kutupwa wa Radi. Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa wa Mwamba, watani wao wa jadi. Timu hizo zikikutana, ndugu aliyefungwa alinyolewa kipara na mwenzake, kwenye kiti kilekile cha Wembe, mbele ya wateja. Wakitoka sare walinyoana wote wawili. Cheche alikuwa kinyozi wa hovyo, na kila Radi walipopigwa kaka yake alitoka pale na mikwaruzo kichwani. Walitukanana na kucheka mpaka machozi. Habari ya nyumba haikuguswa, lakini mkono wa mmoja ulitulia juu ya kichwa cha mwenzake, na kwa watu wawili wenye kiburi kile, hayo yalikuwa maongezi tosha.

Ndipo ligi kuu ya nchi jirani ilipowaita Radi. Viongozi wakasema viwanja vya hapa ni mashamba na waamuzi wake wananunulika, kule watu wanajaza viwanja na televisheni inaonyesha kila mechi. Wanachama waamue. Wembe, katibu wa tawi, akawa hana wimbo mwingine: Radi wamekuwa wakubwa, wamechoka kucheza na watoto. Ukweli ni kwamba kilichomnogea zaidi ni kuwa Mwamba hawakuitwa. Mtu anaweza kuringa hivyo kwa timu ambayo hata maji hajawahi kuwapelekea wachezaji wake.

Mkutano wa kura ukiwa kesho yake, Cheche alikuja dukani kwa kaka yake. Hapakuwa na mechi. Akakaa kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho akatoka.

"Kesho usiwapigie kura ya ndiyo," akasema.

Wembe akacheka, akamuuliza kama Mwamba wameshaanza kuogopa upweke.

"Sio Mwamba, kaka. Mimi. Mkienda huko, mimi nitakuwa nakuja hapa kufanya nini?"

Wembe angeweza kumwambia njoo tu, wewe ni mdogo wangu. Lakini aliona akifungua mlango huo, nyumba ya baba nayo itaingia, na hakuwa tayari kuitwa mwizi dukani kwake.

"Utatuangalia kwenye televisheni," akasema.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Radi wakaenda, wakapigwa nje ndani. Kuwafuata kulihitaji pasipoti na nauli, kwa hiyo Wembe aliwatazama kwenye televisheni ya dukani, wakikimbia mbele ya watu wasiowajua, mtangazaji akikosea majina yao. Wateja wakamwomba abadilishe chaneli. Wakati wa mechi ya watani ukafika na kupita, nywele zake zikaota bila mtu wa kuzidai. Asubuhi moja akameza kiburi, akaenda karakana kwa mdogo wake.

"Shikamoo, kaka," alisema Cheche.

Hakuwahi kumpa shikamoo bila kuifuatisha na tusi, tangu utotoni. Sasa alivua miwani ya kazi, akafuta kiti, akauliza hali ya watoto, ya shemeji, ya biashara. Wembe akamtania kuhusu Mwamba. Cheche akatabasamu kidogo, akasema ndiyo hivyo, mpira, kisha akauliza amsaidie nini. Iliuma kuliko ugomvi wowote waliowahi kuwa nao. Wembe alishindwa kusema nimekuja kukuona. Akasema bawaba ya geti lake imevunjika, na Cheche akasema italishughulikiwa kesho.

Haikuwa imevunjika. Alirudi nyumbani, akachukua nyundo, akaivunja, mkewe akimtazama kutoka mlangoni na kumuuliza kama ana akili timamu. Akamwambia mdogo wangu anakuja kesho. Mama wa watu akaacha maswali, akaenda kuazima viti.

Kesho yake alikuja kijana wa karakana, ameajiriwa juzijuzi. Bosi ametingwa, alisema. Alichomelea vizuri, akagoma kulipwa kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, akaanza kukunja nyaya zake huku akitazama vile viti vyote uani.

"Kwani mzee, wewe na bosi mlijuana wapi?" aliuliza kwa heshima.

Wembe alilisukuma geti. Likajifunga bila kelele.

"Kwenye mpira," akajibu.