Iddi na Tumbusi Aliyezoea Umbea

Kumpa Iddi kazi ya kunyamaza ni kutafuta balaa. Jamaa huyu wa Pangani, chumbani kwao Al Mansoura, jijini Doha, hata usingizini anaongea! Lakini mwaka 2014 akapata kazi kwenye shamba la ndege nje ya Abu Hamour, amlee kinda wa tumbusi ambaye akikua ataachiliwa jangwani. Sharti lilikuwa kinda asimwone mtu wala asisikie sauti ya mtu. Nyama alipewa kupitia tundu la ukutani, mkono wa Iddi umevaa kikaragosi cha kichwa cha tumbusi.

Mkono ulitii. Mdomo, thubutu! Kila asubuhi ilikuwa "Hujambo, mwanangu?" kisha umbea: nani kamaliza sukari ya mwenzake, Yanga kafungwa ngapi. Kinda akisikia tu "hujambo" anakimbilia tundu, shingo mbele.

Baada ya miezi minne Dakta Damaris, Mkenya aliyesimamia ndege wote, alimpima kinda. Mlinzi aliingia kizimbani kimya. Tumbusi akatimua mbio hadi kona ya mwisho.

"Amepita," Damaris akasema. "Wiki mbili zijazo anaenda. Huko kuna wachunga ngamia tu. Ndege akiwazoea, watampiga mawe."

Iddi akashtuka! Kwani wachunga ngamia hawana midomo? Akakiri yote.

"Iddi!" Damaris akashika kiuno. "Nilikupea ndege ulee, ama ulifungua redio?" Alipoona machozi yanamlenga, akapoa. "Basi. Wewe ndiye ulimzoesha, wewe ndiye utamwachisha."

Kesho yake Iddi akaingia kizimbani mwenyewe. "Hujambo, mwanangu?" akasema kwa upole uleule. Tumbusi akaja mbio, na Iddi akagonga sufuria kwa mwiko, akammwagia ndoo nzima ya maji. Maskini, siku hiyo ndege alirudi mara tatu, hakuamini. Iddi alikwenda kulia chooni. Siku ya tisa, ndege hakuja tena.

Siku ya kuachiliwa, sanduku lilifunguliwa jangwani. Tumbusi akatoka, akasimama anaukodolea macho mchanga. Saa nzima, hasogei! Jua linawachoma wote. Damaris akamwashiria Iddi kwa kidevu.

Iddi akasogea hatua moja. Alikuwa na habari za wiki mbili kifuani, hakumwambia hata moja.

"Hujambo, mwanangu?"

Neno halijaisha, tumbusi karuka. Akapanda, akapanda, akawa kidoa, wala hakugeuka nyuma.

"Dakta, umeona anavyonichukia?" Iddi akasema, anacheka huku analia.

"Kabisa kabisa," Damaris akajibu, akampa leso.

Njia nzima ya kurudi Doha Iddi hakufungua mdomo, hadi Damaris akalazimika kuwasha redio.