Mshale Unaruka, Mbarek Anasikiliza

...tisini, eti tisini, na sisi tulikuwa tunapita pale kwa wauza machungwa ambapo hata punda hupita kwa adabu, mshale ukaruka mpaka tisini, ukatetemeka huko juu kama mtu mwenye homa, halafu ukaanguka sifuri, nikapiga kelele "Mbarek, tisini!" na yeye nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, akasema bila hata kupandisha sauti, "Ishirini na tano, endelea tu," na nina hakika ilikuwa ishirini na tano, mume wangu macho yamemwacha lakini mwendo haujamwacha, na sasa pikipiki imesimamishwa hapa karakana, tairi la mbele liko hewani, Fundi Buazza kachutama mbele yake na bisibisi mdomoni, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, Mbarek kwenye benchi karibu na mlango, begi lake bado limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha pikipiki, na ng'ambo ya barabara teksi za Demnat zimepanga foleni, tukimaliza hapa nitamvusha, nitamkabidhi kwa dereva, nitasema dada yake anaitwa Fadma, atakuwa anamsubiri mizeituni inapoanza... nitamkabidhi kwa dereva, kama kifurushi, yeye aliyekuwa anapeleka vifurushi vya watu mji mzima... "Mpya kabisa hii, mama?" fundi ananiuliza, bisibisi imehamia mkononi, mpya ndiyo, nailoni ya kiti hata sijaibandua, nimeinunua kwa majuba niliyoshona majira yote ya baridi, vifungo vya hariri kimoja baada ya kingine mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, na kitu cha kwanza kuharibika ni kile nilichokitaka kuliko vyote, breki nzima, taa nzima, honi inalia kama mbuzi lakini inalia, spidomita tu ndiyo imepata wazimu, "Mpya," namjibu, "na mshale wake unasema uongo tangu siku ya kwanza," na Mbarek kutoka kwenye benchi, "Usimlaumu, anamuiga aliyetuuzia," na fundi anacheka, anacheka kwa kelele, kwa sababu aliyetuuzia ni shemeji yake mwenye duka hapo mbele, na mimi ninageuka kumtazama mume wangu kana kwamba mtu mwingine ndiye amesema.

Kwa sababu hiyo sauti... lini mara ya mwisho, sauti hiyo ilikuwa ya milangoni, ya Mbarek wa posta, alikuwa akifika kona ya mtaa unamsikia kabla hujaisikia pikipiki, anamtania mwoka mikate, anamtania mke wa mwoka mikate, anampa bibi kizee bahasha ya pensheni na kumwambia "wamekukumbuka, posa hiyo, umjibu haraka," na wasichana wa mtaani kwetu tulikuwa tunajifanya tunafagia barazani, mimi nilifagia mpaka vigae vikapauka, kisha akanioa na nikaacha kufagia, nikasema hivyo siku moja mbele ya mama yake na mama yake akaninunia mpaka Ramadhani... na sasa nyumbani sauti hiyo haipo, nyumbani kuna ndiyo, kuna hapana, kuna "Mungu akulipe, Itto," kila nikimwekea sahani, Mungu akulipe, kila nikimpa viatu, Mungu akulipe, ananishukuru kama mgeni aliyelala siku nyingi kupita kiasi, na mimi nakasirika jikoni peke yangu, naivuruga supu ya harira kwenye sufuria, nasema kimoyomoyo, niite mvivu, uliza chumvi iko wapi, nikaripie mkate umeungua, fanya kitu chochote ila usinishukuru... "Hajji, chai yako hii hapa," fundi anamwekea glasi mkononi, na Mbarek, "Hija sijaenda mwanangu, nimekwenda posta tu maisha yote, na kule hawatoi cheo," fundi anacheka tena, anasema "Basi mzee," "Mzee sawa, hiyo nimeifanyia kazi," na mimi, Mungu nisamehe, nina wivu na fundi, nina wivu na mtu mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, maana anampata Mbarek wangu bure, kwa glasi moja ya chai.

Fundi anazungusha tairi kwa kiganja, trrr, mshale unaruka mpaka themanini, unaanguka, unaruka tena, "Ona, ona mwenyewe mama, waya ni mzima, meno ya huku chini mazima, ni mita yenyewe imekufa ndani," na mimi natingisha kichwa kama ninayeelewa, kumbe ninaitazama mikono ya Mbarek imeshika glasi, vidole vilevile, vilipita juu ya pikipiki yote siku ilipoletwa, alitoka mlangoni akinyoosha mkono mbele, akaanza na taa, akaenda tangi, akapapasa kiti na nailoni yake, akarudi juu, akafika kwenye kioo cha spidomita na hapo vidole vikakaa, akauliza "Inaishia ngapi?" nikamwambia wameandika mia na ishirini, akasema "Waongo, hii ikifika sabini tuchinje kondoo," na akatabasamu, na nikafikiri, basi, imerudi, furaha imerudi, itakuwa kama zile Ijumaa za barabara ya Urika, jamani zile Ijumaa, tunatoka mjini baada ya kula kuskusi, mimi nyuma yake, shavu langu kwenye koti la posta lililonuka gundi na petroli, barabara inapanda kando ya mto, kuna miti ya mapera, harufu yake inakuja baridi kutoka upande wa maji, na yeye anapiga kelele upepo ukimkata maneno, "Fumba macho! Ngapi?" nafumba, nasema "Themanini!" anacheka, "Hamsini, mwoga wee, fumba tena," na nafumba tena, na sikupata hata mara moja, sikuwahi kupata, kwa sababu nikifumba macho nilikuwa sisikii mwendo, nilikuwa nasikia mgongo wake tu, mgongo wake ukicheka... nataka mgongo ule, ndiyo nataka, mwanamke mzima mwenye wajukuu nimekaa karakana na ninautaka mgongo wa mtu aliyekaa hatua chache kutoka hapa, na nikimwambia atasema Mungu akulipe.

"Kisukari, eh?" fundi anauliza, sikusikia swali lilianzia wapi, na Mbarek anamjibu bila kinyongo, "Kisukari, na chai yako hii umenitilia kama unataka kunimaliza," akaweka glasi chini, na fundi anaomba radhi, anamtia nyingine isiyo na sukari, mimi sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo mbele ya watu, kisukari, maradhi yalianza kama ukungu tu machoni, alisema ni vumbi, akabadilisha kioo cha kofia yake, akasema bado ni vumbi, mpaka siku alipoligonga toroli la matikiti kwenye lango la Bab Aghmat, hakuna aliyeumia, tikiti moja lilipasuka, mwenyewe akasema msijali, watu wote walisema msijali, naye akashuka, akaisukuma pikipiki yake ya zamani kwa miguu kutoka huko mpaka nyumbani kwenye jua lile, akaingia, akaweka ufunguo kwenye meza yangu ya kushonea, juu kabisa ya nyuzi, akaenda kuketi, na mimi niliuondoa ufunguo polepole ili nyuzi zisivurugike, kana kwamba nyuzi ndizo zilikuwa na neno... nikajifunza kuendesha kwa Mahjuba jirani, Mbarek alisema "Kajifunze, majuba hayatajipeleka sokoni yenyewe," nami nilisubiri aje kiwanjani akae kwenye jiwe anipigie kelele, hakuja, Mahjuba akanipigia kelele yeye, mwanamke mwema Mahjuba, mwema sana, na ulimi wake Mungu auhifadhi, ndiye aliyesimama mlangoni wiki iliyopita na kusema, kwa huruma, kwa mapenzi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Maskini Itto, umekuwa mke na mume wa nyumba hii," na Mbarek alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akichambua dengu kwa vidole, na nilisikia dengu zikinyamaza kwenye sinia.

Jioni ile alimega mkate akasema, "Nitakwenda kwa Fadma kidogo, hewa ya Demnat nzuri," na kidogo hicho hakikuwa kidogo, mtu hachukui koti la baridi kwa kidogo, na mimi... nilikuwa nimejaa, nilitaka aniombe, nilitaka aseme Itto unataka nibaki, nikasema, "Kama unaona ni vizuri," nikamwambia hivyo, mtu asiyeona, kama unaona, neno limeshatoka limekaa mezani kati ya zeituni na mafuta, na yeye akacheka kidogo puani, "Naona," akasema, akaendelea kula, na tangu hapo tumekuwa na adabu, tumekuwa na adabu ya kutisha, nimempigia pasi kanzu, nimemkata kucha, nimemfungia dawa zake kwenye kitambaa, tumepanga safari kama watu wawili wanaompangia mtu wa tatu, na asubuhi hii yeye ndiye aliyesema tupitie kwanza kwa fundi, "mita ikatazamwe, usibaki na pikipiki mbovu," na mimi nilifikiri, hata anapoondoka anashughulika na pikipiki, na sasa najiuliza, naona kama mjinga najiuliza sasa hivi, mtu mwenye haraka ya kuondoka anapitia kwa fundi?

"Basi ni hivi mama," fundi anasimama, magoti yanamlia, anajifuta mikono kwenye suruali ambayo haiwezi tena kumfuta mtu kitu, "garantii ipo, hulipi, lakini mita mpya mpaka niagize Kazablanka, mpaka ije, mpaka niifunge, na kwa sasa usikimbie, hujui mwendo wako, askari wa kwenye taa za Bab Dukkala hawatanii," nasema sawa, nasema nitakwenda polepole, na Mbarek anasema, "Nitamwambia mimi," anasema hivyo tu, kwa wepesi, glasi ikiwa mdomoni, "mimi nyuma nitamwambia, wewe agiza mita yako kwa raha zako," na fundi anasema "Haya, mzee ndiye spidomita," anarudi kuchutama kutafuta skrubu iliyomponyoka, hajui alichosikia, hawezi kujua, lakini mimi nimesikia, nitamwambia, kasema nita, hakusema ninge, hakusema ningemwambia kama ningekuwepo, mtu mwenye begi limefungwa kwa mpira kasema nita, na sasa anajua amesema, naona shingo yake imekakamaa, glasi imeshuka mdomoni imebaki hewani, uso umeelekea upande nilipo, siyo sawasawa nilipo, kidogo kushoto, kwenye mafuta ya breki yaliyopangwa kwenye rafu, na mimi nataka kusogea niwe mahali anapotazama.

Nimwambie nini, baki? nikimwambia baki atasikia maskini, atamsikia Mahjuba mlangoni, baki ni neno la kumpa mtu sadaka, siyo baki, ni nini basi, nimwambie sijui kupita Bab Dukkala bila sauti yako sikioni, na siyo uongo, asubuhi hii nilipita katikati ya mabasi na magari ya farasi na vijana wanaoendesha kama mama zao wamekufa, sikuogopa, kwa mara ya kwanza tangu niishike hiyo pikipiki sikuogopa, alisema ishirini na tano, alisema thelathini sasa, alisema punguza kuna mtu anavuka, kuna mtu kweli alikuwa anavuka, mikono yake kiunoni mwangu mizito, na nilichofikiri wakati ule ni kwamba nampeleka, kumbe yeye ndiye alikuwa ananipeleka, halafu nikawaza, huu mgongo wangu, anausikiaje, mgongo wa mshona majuba, umepinda kidogo, unanuka nini kwake, je naye anafumba macho yake yasiyohitaji kufumbwa akaweka shavu, maana aliweka, pale tulipopinda kwenye ukuta wa mji, nilisikia kitu cha joto begani nikadhani ni kofia... haikuwa kofia, kofia ni ngumu, kofia haina joto, wee Itto, ulimbeba mtu shavu lake liko begani kwako ukawa unahesabu mashimo ya barabarani.

Fundi ameipata skrubu, anaipuliza, anazungusha tairi tena bila sababu, labda amezoea tu, trrr, mshale unakwenda kwenye mia, na nje mpiga debe wa teksi anaanza, sauti kama ya muuza samaki, "Demnat! Demnat mmoja! Amebaki mmoja, Demnat!" na inaingia mlangoni mle mle alipokaa Mbarek, haiwezekani hajasikia, mtu anayesikia ishirini na tano kwenye kelele za soko hawezi kukosa hiyo, "Demnat, mmoja tu, tunaondoka!" naye hainuki, haulizi saa, hanyooshi mkono kutafuta mkono wangu, ananywa chai yake chungu, anameza, anasema, "Buazza mwanangu, hiyo mita ikija itakuwa na mshale kama huu, au ni zile za namba?" na fundi anaanza kumweleza, kuna aina hii na kuna aina ile, na mpiga debe anaita tena, na mimi, mwenye macho na masikio yote, mwenye mdomo, nakisogeza kiti changu cha plastiki na mguu wake mfupi, nakiburura mpaka kwenye benchi kikipiga kelele sakafuni ili asikie nakuja, nakaa, bega kwa bega, na nasema, kwa fundi, siyo kwake, "Za mshale ni nzuri zaidi," na hakuna aliyesema amesikia kitu kutoka nje.