Goti la Kulia

Usinitanie kuhusu kupiga magoti. Mimi ni fundi wa vigae. Miaka kumi na minne nimekula kwa magoti, na watu wanakanyaga sakafu zangu bila kujua nani alizipanga. Sasa goti la kushoto limenigeuka. Nikichuchumaa, kifuu chake kinateleza pembeni, naanguka chini napiga mayowe. Nikinyoosha mguu, kinarudi mahali pake kama hakijafanya kitu. Daktari akilishika, limetulia tuli. Goti la kinafiki, hilo!

Msimamizi wetu akaanza kuniita Sinema. "Leo Sinema anaonyesha saa ngapi?" Mafundi wanakufa kwa kicheko. Mwisho akanipasulia: lete cheti chenye ushahidi, au wapishe wanaotaka kazi. Na nyumbani mume wangu yuko kitandani mwaka wa pili, watoto wote wananitazama mimi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Daktari akaniandikia kipimo cha MRI cha goti, bila kutaja ni lipi. Pale mapokezi nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi, goti linawaka moto. Nilipofika dirishani, karani hata macho hakuinua. "Goti gani, mama?"

"Goti gani!" Hasira zikanipanda. "Hili goti ni la kulia tu, baba yangu. Kila siku la kulia!"

Akaandika.

Niliingizwa kwenye lile tundu nimefumba macho kwa woga, mashine inagonga utadhani wanabomoa ukuta. Majibu yakatoka: goti zima, halina tatizo. Msimamizi aliyasoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nikarudi kwa daktari, nikamlilia hadi akanihurumia. "Huenda kifuu kilikuwa kimerudi mahali pake ulipolala," akasema. "Tutarudia."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Nikajiapiza kwamba safari hii hakitarudi.

Siku ya siku ilipofika, nikajifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikauma kitambaa changu cha kichwa, nikachuchumaa, nikagandamiza unyayo sakafuni, kisha nikageuza mwili wote kwa nguvu. Nikasikia ta! Nilitambaa hadi mlangoni, kifuu kiko ubavuni mwa goti.

"Haya, pigeni picha kabla hakijarudi!"

Mtaalamu wa mashine, mama wa makamo, akashika kichwa. "Mungu wangu! Umefanya nini, dada? Halafu mbona ni la kushoto? Karatasi inasema la kulia. Hata mara ya kwanza tulipiga la kulia."

Nikaitazama ile karatasi. La kulia! Nikayakumbuka maneno yangu ya kilio pale dirishani. Nikakumbuka pia kwamba ndani ya lile tundu nilihisi wamelibana goti langu lisiloumwa, nikanyamaza. Nilidhani wanataka cha kulinganishia. Mimi nani nimfundishe mtaalamu kazi?

Walikirudisha kifuu, wakanipiga picha. Daktari akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta.

"Tazama. Mfereji wa kukalia kifuu ni bapa, umezaliwa hivyo. Na hapa mifupa imechubuka kila kifuu kilipotoka. Haya yote tungeyaona hata kikiwa mahali pake." Akasogeza kidole. "Lakini kamba hii iliyokatika, na hiki kipande cha gegedu, utando laini wa mfupa, kilichomeguka, ni vya leo."

"Kwa hiyo sikuwa na haja ya…"

"Hukuwa na haja, mama."

"Nitapiga magoti tena?"

Akageuka kunitazama. "Upasuaji tutakufanyia, utatembea," akasema. "Kazi ya magoti isahau."

Wakanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mapokezi, kupanga siku ya upasuaji. Karani yule yule, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi.

"Goti gani, mama?"

Machozi yalikuwa yananidondoka kidevuni. "La kushoto," nikamwambia. "Andika kushoto. Neno jingine usiandike."